Simu Kumi na Nne Zilizokuwa Zikikusikiliza

Kamembe, Jumapili alasiri

Bonheur,

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya, na kuaga kwa kwaya nakujua: wimbo wa mwisho huimbwa mara saba. Kwa hiyo nina kama saa mbili. Maharage yako motoni, mvua ya upande wa ziwa bado haijaamua, nami nimekaa mezani na daftari la duka, kwenye kurasa za nyuma ambazo hazijaandikwa simu ya mtu yeyote.

Mambo ya soksi, blanketi na kumpigia shangazi yako ukifika Kigali sitayaandika. Umeyasikia tangu Jumanne, na umeitikia "ndiyo Maman" kwa sauti ile ile unayoitikia litania. Una miaka ishirini na mitatu. Muntu asiyejua kufua soksi katika umri huo hatafundishwa na barua.

Nakuandikia jambo moja. Wimbo wako ulifutwa kwa sababu yangu. Si Kasimu aliyefanya. Ni mimi.

Basi, limeandikika, na bati bado liko juu ya nyumba. Nilidhani ningehitaji kurasa tatu kulifikia. Sasa nikueleze ilivyokuwa toka mwanzo, kama ninavyomweleza mteja simu yake imekufa kwa ugonjwa gani.

Unakumbuka mwaka jana, mlipomaliza kurekodi "Njia ya Mibirizi" kwenye kile chumba cha nyuma ya cherehani za baba yake Kasimu, magodoro yamesimamishwa ukutani na vipande vya kitenge vimesokomezwa dirishani ili pikipiki zisiingie kwenye wimbo. Gitaa na sauti vyako, mengine yote ya Kasimu. Mlipoupeleka kwa ile kampuni inayosambaza nyimbo kwenye programu za kusikilizia muziki, ulianza tabia mpya. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, ulikuwa unatazama namba. Wiki ya kwanza wasikilizaji walikuwa kumi na mmoja, na wote tuliwajua. Watatu kati yao nilikuwa mimi.

Siku moja ukaacha kijiko, ukasema: "Maman, bila pleilisti hakuna muntu atatusikia."

Nikauliza pleilisti ni kitu gani. Ukanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mzee njia ya hospitali. Ni orodha za nyimbo. Mtu anaiwasha, anaweka simu kando, anaendelea na kazi yake, nyimbo zinafuatana zenyewe. Wimbo wako ukiwekwa ndani ya orodha kubwa, hata mtu wa Nairobi au wa Paris anausikia bila kujua kama wewe uko hai. "Na wale wenye kupanga orodha," ukasema, "wanaangaliaka kwanza namba."

Katika yote uliyosema nilishika neno moja, namba. Mengine yalikuwa na maana zaidi, lakini mimi ni fundi wa simu. Namba ni kitu ninachoweza kukigusa.

Meza yangu sokoni unaijua. Wateja wa hapa, wateja wanaovuka kutoka Bukavu, kila mmoja ananiachia simu na kuniambia atarudi Alhamisi. Simu inayongoja kipuri si maiti. Hii imekosa maiki tu, ile kamera ya nyuma, na kwa shughuli niliyoifikiria hazikuhitaji maiki wala kamera. Nikachagua kumi na nne. Kila moja nikaifungulia akaunti, na kwa kuwa sikuwa na majina mengi kichwani nikatumia ya ukoo wa marehemu baba yako. Shangazi Fébronie akawa msikilizaji wako. Hata mjomba Anselme, Mungu amrehemu, aliyekuwa anazima redio taarifa ya habari ikiisha kwa sababu "sasa wataanza makelele". Nikazipanga ndani ya ule mkebe mkubwa wa biskuti, nyaya za chaji zikipita kwenye tundu, sauti zote chini kabisa, wimbo mmoja unajirudia. Juu yake nikatandika kitenge.

Ulikuwa unaniletea chakula cha mchana pale. Siku mbili tatu ulikula nami, ukaweka sahani yako juu ya wasikilizaji wako.

Nusu ya simu hizo zilikuwa na laini za ng'ambo. Nawe unajua mtandao wa hapa kwetu: ukielekea ziwani, simu inakukaribisha Kongo. Ukigeuka kuchukua bisibisi, inakukaribisha Rwanda. Nikafurahi, nikasema mwanangu sasa anasikilizwa nchi mbili. Haikunijia kwamba mahali fulani, mbali, kuna mtu ameketi mbele ya jedwali, anamwona shangazi Fébronie akivuka mto Rusizi mara arobaini kabla ya chakula cha mchana, halali, haendi msalani, hasikilizi kitu kingine duniani isipokuwa wimbo mmoja. Hata mama anayevusha nyanya hapiti pale darajani mara arobaini.

Na megabaiti zile zilikuwa za watu. Maman mmoja muuza samaki wa Nkanka alirudi akaniuliza, "Simu imepona, lakini vifurushi vyangu vimekuliwa na nani?" Nikamjibu kwamba simu ikitoka kutengenezwa huwa na njaa. Akanitazama, akaondoka. Nimeshamwomba msamaha, na kioo chake kilipopasuka tena nilikibadilisha bila yeye kutoa kitu. Lakini ule mtazamo wake ninao.

Namba ikapanda. Ukaanza kupiga mluzi. Ukaosha vyombo bila kutumwa. Jumapili ya tatu ukaniletea Fanta ya ndimu, ukasema, "Kunywa, Maman, mambo inaanza." Nilikunywa. Ilishuka vibaya kidogo, ila ilishuka.

Kisha ikaja ile barua ya kampuni. Uliisoma umesimama karibu na jerikani, ukairudia, ukaikalia ile jerikani. Wameona kusikilizwa kwa bandia. Wimbo unaondolewa kwenye programu zote usiku huu. Jioni ile ile Kasimu akaja, naye alikuwa amepata nakala yake. Mimi nilikuwa pale uani nachambua maharage. Mengi yaliyosemwa nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimeyasikiliza tena mara nyingi kuliko wimbo wenyewe.

"Ni weye," ukamwambia. "Weye ndiyo ulikuwa naongea na ule muntu anauzisha wasikilizaji."

"Niliongea naye. Sikumupatia kitu. Nilikuambia siku ile ile."

"Basi ni nani? Ni mbuzi ndiyo zilisikiliza?"

"Jiulize weye mwenyewe, Bonheur."

"Unasema nini?"

"Nasema jiulize."

Hapo ukanigeukia. "Maman, unamusikia huyu? Sema kitu."

Nami nikasema: "Miye sijue mambo ya internet, batoto. Miye niko fundi wa vioo."

Nitakuambia na hili, kwa sababu nikiliacha barua itakuwa na tundu. Siku ile umeme wa sokoni ulikuwa umekatika mapema, nikazileta simu mbili nyumbani kuzichaji. Zilikuwa ndani ya mfuko wa aproni yangu, zimelala tumboni, zina joto kama mayai yaliyotoka kutagwa. Wakati mnarushiana maneno zilikuwa bado zinauimba wimbo wenu, bila sauti.

Kasimu akaondoka. Vile visikilizio vyake vikubwa alivisahau mlangoni, na kwa miezi minane hakuvirudia.

Ungeniuliza kwa nini sikusema kesho yake. Kesho yake niliona aibu. Wiki iliyofuata nikasema vijana hugombana, watapatana. Mwezi uliofuata nilikuwa nimezoea. Unajua simu iliyoanguka majini: ukiifungua siku ile ile, unaikausha kwa brashi na spiriti, inarudi. Ukiiacha, kwa nje inang'aa, inaita, unajidanganya kwamba imepona, na kumbe kutu inatembea ndani kwenye saketi. Wateja nawaambia hivyo kila siku, kwa sauti ya mtu anayejua.

Halafu nilikuwa nimeshawahi kuonywa, na aliyenionya ni wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mara yako ya kwanza kusimama peke yako mbele ya parokia, na ubeti wa pili ukakukimbia. Nikakuona unatazama dari. Basi nikapiga impundu, vile vigelegele vyetu, peke yangu, kwa nguvu zote, ili watu wadhani umemaliza. Kanisa zima likageuka. Uliporudi nyumbani hukulia. Ulisema tu, "Maman, nilikuwa naukumbuka. Ungengoja."

Kwetu impundu ni za mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Hakuna mwanamke anayezipiga uchungu ukiwa bado unaendelea, hata akiwa na hamu namna gani. Mimi nimezipiga mapema mara mbili, na mara ya pili nilitumia simu kumi na nne.

Baada ya wimbo kufutwa nilianza kusoma. Ni kuchelewa, najua, ni kama kusoma maelekezo ya dawa baada ya mgonjwa kuzikwa. Nilisoma masharti yote ya zile programu, kwenye vioo vya watu vilivyopasuka, nikiruka mistari iliyoangukia kwenye ufa. Nikaanza pia kuchungulia. Mteja akileta simu yenye spika mbovu, nikishaitengeneza ni lazima niijaribu, na ili kuijaribu ni lazima nifungue muziki wake. Huo si umbea, ni kazi. Nimeona orodha za nyimbo za nusu ya Kamembe.

Nikwambie nilichoona. Watu hawapangi orodha ya nyimbo nzuri. Wanapanga orodha ya kazi ya mikono. Kuna ya kupiga pasi, kuna ya kusuka nywele, kuna ya dereva anayepita msitu wa Nyungwe usiku na hataki kulala. Wewe ulikuwa unauliza wimbo wako ni mzuri kiasi gani. Mwenye orodha anauliza mikono ya mtu itakuwa inafanya nini wimbo ukipita. Ile fomu ya kuwaomba wahariri wa orodha, mahali walipoandika "eleza wimbo wako", ulijaza "Ni wimbo mzuri sana". Na uliijaza Jumamosi, wimbo umetoka Ijumaa. Wanataka uwaletee wiki kadhaa kabla, wausikie bado haujatoka. Uliomba kadi ya mwaliko harusi imeshaliwa.

Jambo la gitaa nalo sikukwambia, kwa sababu ningekwambiaje bila kukwambia na mengine. Nilianza kuujaribisha wimbo wenu kwenye spika, sasa kwa sauti, kutoka kwenye nakala ya kwenye simu yangu, na kuwatazama watu usoni. Gitaa lako linaanza, linatembea, linarudi nyuma, linafikiri. Yule maman wa Nkanka alikuwa amekuja kuchukua kioo chake. Akasema: "Huyu anakohoa muda murefu hivi, ataimba lini?" Angekuwa na simu mkononi angeshabonyeza wimbo unaofuata, na hizo programu zinahesabu anayeruka kabla ya nusu dakika kama mtu aliyetoka kanisani kabla ya somo. Lakini sauti yako ilipoingia, pale unaposema bibi ameshika kandambili mkononi ili zisichafuke, aliweka beseni chini. Wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha." Kisha akaniomba nimtumie.

Bonheur, huyo mmoja alikuwa na uzito kuliko mkebe wangu wote. Anayesikiliza mpaka mwisho, anayerudisha, anayeuhifadhi kwake ili auonyeshe dada yake: ndiye wanayemtafuta kwenye yale majedwali. Wale wanaokuahidi nafasi kwenye orodha kubwa kwa uhakika, wakakutajia na namba utakayofika, wana mkebe kama wangu, ila mkubwa. Ukikutana nao Kigali utawajua kwa harufu ya biskuti.

Wiki mbili zilizopita uliniambia umepata ile kazi ya studio, na tarehe ya kuondoka. Nikaona kwamba ukivuka msitu bila kujua, nitakuwa nimekupoteza nusu, na Kasimu atakuwa amekupoteza kabisa. Kesho yake nikafunga duka saa sita, nikachukua vile visikilizio, nikaenda.

Alikuwa anashona vifungo pale kwa baba yake. Akasimama. "Maman Bonheur. Karibu, ikala."

Nikasema sitakaa mpaka nimalize. Nikamwambia yote, mkebe, Fébronie, aproni. Alicheka kwanza, alicheka mpaka akashika meza, hasa pale pa mjomba Anselme. Kisha akaangalia sindano.

"Miye nilijua ni Bonheur," akasema.

"Bonheur gani?"

"Niliona kwenye jedwali, wasikilizaji kumi na nne habalale. Wote ba hapa hapa, Kamembe na Bukavu. Nikasema ni yeye amefanya, na sasa ananitupia ili mimi nionekane mwizi. Ndiyo maana nilimuambia ajiulize." Akakata uzi kwa meno. "Miezi minane, Maman. Nilikuwa namungoja aje aseme."

Nawe ulikuwa unamngoja yeye. Wawili mmekaa kila mmoja upande wake wa mji, kila mmoja anangoja mwenzake aungame, na mwenye dhambi anauza vioo katikati.

Tuliandika barua kwa kampuni pamoja, Kifaransa cha kwake, aibu ya kwangu. Nilitaka kuandika kwamba "kulitokea hitilafu". Akafuta. "Maman, andika ni weye." Nikaandika ni mimi, jina langu lote mpaka la ubatizo. Walichukua siku kumi. Ijumaa wamejibu. Mnaruhusiwa kuutoa wimbo upya, kama mpya, wote wawili mkikubali. Zile namba za zamani zimekwenda, mnaanza sifuri, na wakiwaona tena wasikilizaji wasiolala watafunga mlango. Niliisoma nikiwa nimeshika chuma cha moto cha kulehemu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilichoma meza.

Kuna na hili, ambalo hukupata kulijua. Mwaka jana, kabla ya balaa, Kasimu alimwandikia maman mmoja wa Bukavu anayeishi Ubelgiji, ana orodha ya nyimbo za kupikia sombe, majani ya muhogo, siku ya Jumapili. Wanaoifuata si wengi, lakini ni watu wa kwetu waliotawanyika, na wanapika kweli. Hakumwambia wimbo ni mzuri. Alimwambia unahusu mwanamke anayeshuka kilima cha Mibirizi na viatu mkononi, unachukua dakika nne, unafaa wakati wa kutwanga. Akauweka. Ulikaa siku sita tu, ukafutwa. Kasimu alipomwandikia juzi kuomba radhi, yule maman akajibu kwamba nafasi yake hajaijaza. "Iko pale pale," akasema, "kati ya kitunguu na mafuta ya mawese. Muniambie siku itarudi."

Nilitaka kukwambia hiyo Ijumaa. Nikajisemea fundi hampigii mteja mpaka simu iwake, nikangoja kidogo. Ilikuwa woga ule ule umevaa nguo ya kazi. Nilipanga hata kuiweka barua hii chini ya begi lako, ili uisome mkiwa katikati ya Nyungwe, mahali mtandao haufiki na huwezi kunipigia. Ni mpango mzuri, niliupenda sana. Lakini Kasimu alinipa sharti moja. "Umuambie weye, mbele ya yeye kupanda basi. Ukishamuambia, nitakuja. Kama hujamuambia, sitakuja." Kwa mtoto niliyemwacha abebe mzigo wangu miezi minane, ni sharti dogo.

Basi barua haiendi kwenye begi. Naiweka chini ya sahani yako. Uisome pale mezani, nikiwa jikoni, ambako nitakuwa nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Ukitaka kukasirika, kasirika leo, nikiwa karibu, usiibebe hasira mpaka Kigali ikalipiwe mzigo. Ukitaka kunyamaza, nitangoja. Safari hii nitangoja kweli.

Nimeshamtumia ujumbe: "Nimeandika yote. Njoo tule." Amejibu sasa hivi kwamba anafunga duka. Nimeweka sahani tatu, na karatasi ya kampuni iko juu ya kabati, inataka saini mbili. Mlifupishe lile gitaa mwanzoni, au msilifupishe, ni la kwenu. Mkutane na wahariri mapema. Tarehe ya kuutoa mchague wenyewe.

Mimi siku hiyo nitausikiliza mara moja, kwa simu yangu, kwa jina langu, sauti juu mpaka majirani walalamike. Ukiisha, ukiwa umeisha kabisa, ndipo nitapiga impundu.

Nasikia geti. Sijui ni nani kati yenu.

Maman